Morris Minor Traveller: mbao zile si mapambo

Injini ya Morris Minor Traveller haimsumbui fundi. Kinachomtoa mnunuzi jasho ni mbao, na maneno mengi ya uongo kuhusu gari hili yamejaa hapohapo.

"Mbao zimebandikwa kwa urembo tu."
Stesheni wagoni hii ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1953 hadi 1971. Nyuma ya milango ya mbele, juu ya sakafu ya chuma, bodi yake ni fremu ya mti wa eshi ("ash" kwa Kiingereza), mti wa Ulaya. Fremu hiyo ndiyo inayobeba paa, vioo vya madirisha ya pembeni na milango miwili ya nyuma; bati za alumini zinaziba nafasi tu. Watu huichanganya na Mini Traveller, ambayo mbao zake zimegandishwa juu ya bati, au na Ford Country Squire za Marekani, zilizoishia kuvaa plastiki yenye sura ya mbao. Mbao za Mini zikioza, umepoteza pambo. Za Morris zikioza, umepoteza bodi.

"Eshi ni mti mgumu, hauozi."
Mgumu ni kweli. Ulaya mipini ya shoka hutengenezwa nao. Lakini eshi si mvule. Unyevu ukikaa ndani yake juu ya asilimia 20 hivi, kuvu huanza kazi. Maji hupitia mahali ambapo wengi hawatazami: vioo vya pembeni huteleza kwenye mifereji yenye matundu ya kutolea maji. Matundu yakizibwa na vumbi na ukoga, maji hutuama juu ya mbao ya chini ya dirisha, kisha hushuka polepole hadi kwenye viungo vya juu ya gurudumu la nyuma. Zibua matundu hayo kwa waya mwembamba kila unapoosha gari.

"Weusi kwenye viungo ni uzee wa kawaida."
Ni maji yaliyoingia chini ya vanishi. Chukua bisibisi nyembamba, ukandamize pale penye weusi, hasa mbao za chini na pembe zote. Ikizama, mbao imekufa. Isipozama, kwangua vanishi, acha pakauke kabisa, kisha ondoa doa kwa asidi ya oksaliki (vaa glavu, suuza vizuri). Asidi hurudisha rangi tu. Haiponyi mbao iliyooza.

"Puti na vanishi vinatosha."
Hapa ndipo wauzaji wajanja wanapopatia faida. Puti haibebi uzito, na nyuma yake maji hunaswa. Panapooza katikati ya mbao, kata hadi ufikie mbao safi, uunge eshi mpya kwa mkato wa mshazari wenye urefu wa angalau mara nane ya unene wake, kwa gundi ya epoksi. Kuoza kukifika kwenye kiungo chenye ulimi na tundu, badilisha mbao yote. Skrubu ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Skrubu za chuma cha kawaida ndizo zinazoacha madoa meusi mapya.

Ukibadilisha fremu nzima, usikaze boliti yoyote mapema. Simamisha pande mbili na fremu ya nyuma zikiwa zimelegea, pachika milango ya nyuma, pima mishazari yote miwili ya uwazi wa mlango hadi ilingane, ndipo ukaze. Anayekaza upande mmoja kwanza hugundua kosa lake siku mlango unapokataa kufunga.

Dawa ya kuzuia kuvu ipakwe kabla ya kuunganisha, hata nyuma ya alumini, na zaidi kwenye ncha za mbao, kwa sababu hapo ndipo inaponyonya maji kwa kasi. Vanishi nzito inayong'aa kama kioo hupendeza msimu mmoja. Ikipasuka, maji huingia na hayatoki. Rangi ya mbao inayopitisha unyevu haing'ai hivyo, lakini ndiyo ya kuchagua.

"Halihitaji ukaguzi, kwa hiyo halina shida."
Tangu 2018, Uingereza husamehe ukaguzi wa kila mwaka magari mengi yaliyopita miaka 40, lakini mwenye gari bado anawajibika liwe salama barabarani. Kabla ya kulipa, fungua mlango wa nyuma nusu na uunyanyue kwa ukingo wake. Nguzo ya mbao ikinyanyuka pamoja na mlango, kiungo kimekwisha, hata kama vanishi ni ya jana.