Windows 11 kwenye Kompyuta ya Zamani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Windows 10 ilikatiwa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo maneno yamezagaa kwenye meza za mafundi, kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Mengine yanamfanya mtu auze laptopu nzima kwa bei ya kutupa. Mengine yanampotezea picha za watoto na hati za kiwanja. Tunayaweka hapa yale yanayorudiwa sana, na ukweli wake.

"Windows 10 imekufa, mashine itagoma kuwaka"

Itawaka kama kawaida na programu zako zitafunguka. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft huziba matundu kwenye Windows 11, na mengi ya matundu hayo yamo pia ndani ya Windows 10 kwa kuwa sehemu kubwa ya msimbo ni ileile. Mdukuzi huchukua kiraka kipya, hulinganisha faili jipya na la zamani, na tofauti inamwonyesha tundu lilipo. Kwa hiyo hatari inakua mwezi hadi mwezi, na antivirasi haiiondoi. Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, inaendelea kupokea taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, lakini kazi yake ni kukamata faili baya linaloingia. Haizibi ukuta uliopasuka.

Unaweza kujipa muda wa kujipanga. Mpango wa masasisho ya ziada, ESU, unafika hadi 13 Oktoba 2026, na sharti lake ni Windows 10 toleo la 22H2. Fungua Settings, ingia Update & Security, kisha Windows Update, utafute Enroll now. Utatakiwa kuwa na akaunti ya Microsoft, halafu uchague moja: kuhifadhi mipangilio yako mtandaoni bila kulipa, kutoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kulipa dola 30. Njia ya kwanza inatosha kabisa, na usajili mmoja unabeba hadi kompyuta 10 za akaunti hiyohiyo.

"Yangu ni i7, haiwezi kukataliwa"

Inakataliwa. Windows 11 haijali kama prosesa yako (ubongo wa kompyuta) ni i3 au i7, ambayo ni madaraja tu ya Intel Core; inaangalia kizazi. Kwa Intel Core orodha inaanza kizazi cha 8 (vya 7 vilivyoachiwa ni vichache mno), na kwa AMD ni Ryzen 2000 kwenda juu (baadhi ya za 2000 hazimo). Ndiyo maana i7-6600U, prosesa iliyouzwa ghali wakati wake, iko nje ya orodha, na i3-8130U iko ndani.

Kizazi kinasomwa kwenye namba inayofuata kistari. i5-3470 ni cha 3, i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8. Kuanzia kizazi cha 10 unasoma tarakimu mbili: i7-10510U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Namba kamili iko Settings, System, About. Stika iliyo pembeni ya kibodi haikusaidii, kwa sababu mara nyingi husema "i5" tu na kunyamaza.

Hapa ndipo wanunuzi wa mtumba wanaumia. EliteBook 840 G3, mashine imara na inayopatikana kirahisi, ni ya kizazi cha 6. ThinkPad T480 inanunuliwa kwa imani kwamba ni cha 8, ila zipo T480 zilizotoka kiwandani na i5-7300U, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Washa, soma namba, ndipo utoe pesa.

"Lazima ununue chipu ya TPM"

TPM ni sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri, na Windows 11 inadai toleo la 2.0. Kama prosesa yako imo kwenye orodha, karibu kila mara unayo tayari, ila huenda imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ukiona Specification Version 2.0, huna kazi ya ziada. Ukiona Compatible TPM cannot be found, zima kompyuta, iwashe huku ukigongagonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, utafute mstari wa Intel PTT au AMD fTPM na uuwashe.

Kabla hujagusa BIOS, fungua Control Panel, tafuta BitLocker, uangalie kama diski imefungwa kwa usimbaji. Ikiwa imefungwa, isitishe kwanza, na uhakikishe una ufunguo wake wa tarakimu 48. Hukaa kwenye akaunti ya Microsoft. Asiyefanya hivyo anaweza kuwasha kompyuta akaombwa ufunguo ambao hajawahi kuuona, na bila huo mafaili hayafunguki hata kwa fundi gani.

Jingine linalotisha watu ni Secure Boot, ulinzi unaozuia programu isiyoidhinishwa kuwaka kabla ya Windows. Inahitaji UEFI, namna mpya ya kuwasha kompyuta (ya zamani huitwa Legacy), na diski nyingi za zamani zimepangwa kwa MBR, mpangilio unaoendana na Legacy. Mtu akibadili BIOS kutoka Legacy kwenda UEFI kabla ya kugeuza diski, kompyuta husema haioni kifaa cha kuwakia, naye anaambiwa diski imekufa. Haijakufa: rudisha Legacy, itawaka. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS`. Ikikubali, rudia ukiweka convert mahali pa validate, ndipo uende UEFI. Ikikataa, sababu ya kawaida ni diski kugawanywa sehemu kuu zaidi ya tatu.

"Fundi atakukwepeshea, wala hakuna tatizo"

Kukwepesha masharti ya Windows 11 kunawezekana. Programu iitwayo Rufus hutengeneza flashi ya kusakinishia isiyouliza TPM wala prosesa, na kwenye kizazi cha 6 au 7 mfumo unakimbia vizuri. Tatizo linakuja baadaye. Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho. Viraka vya kila mwezi kwa kawaida huingia, lakini toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe, na kila toleo la Home au Pro hudumu miezi 24 tu. Maana yake ni kwamba kazi hiyo itarudiwa kwa mkono, na fundi mwaminifu anakuambia hivyo kabla hajapokea hela. Kwa prosesa ya zamani ya Core 2 Duo usijisumbue: toleo la 24H2 linadai amri ya POPCNT ambayo prosesa hiyo haina, na halitawaka kabisa.

Kwa kompyuta ya kuandikia na kutazamia video, tunaona kukwepesha kunakubalika. Kwa ile inayoingia benki au kubeba hati za wateja, hapana.

"Ni nzito kwa sababu ya umri, ongeza RAM"

Katika maneno yote haya, hili ndilo linalopoteza pesa nyingi. Fungua Task Manager mara tu kompyuta inapowaka, bofya Performance, utazame Disk na Memory (ndiyo RAM) kwa dakika mbili. Disk ikikaa 100% huku Memory ikiwa 60%, RAM mpya haitakufaa kitu. Hard disk ya laptopu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika ina mkono wa chuma unaohama kutoka faili hadi faili, na kwa sekunde moja huweza kuruka kiasi cha mara 100. Windows 10 na 11 zinaomba vipande vidogovidogo maelfu wakati wa kuwaka. SSD, diski mpya isiyozunguka, haina mkono wa kuhamisha, kwa hiyo hujibu maombi makumi ya maelfu kwa sekunde hiyohiyo. Mashine ya kizazi cha 4 yenye SSD hupendeza kutumia kuliko ya kizazi cha 8 yenye hard disk.

SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene wa milimita 7, inaingia mahali palepale ilipokuwa hard disk ya laptopu. GB 240 zinamtosha mtu wa kawaida. Kwa kompyuta ya mezani utahitaji pia kebo ya SATA na kishikio cha kuipachika. Ukikuta tundu la M.2 (la SSD ndogo bapa), usinunue kwa kukisia, kwani kuna M.2 ya SATA na ya NVMe, na tundu linalokubali moja huenda lisiisome nyingine.

RAM sasa. Windows 11 inakubali GB 4, ila kwa GB 4 ukifungua kivinjari chenye kurasa sita utaanza kusubiri. Weka 8. Palepale kwenye Memory angalia Slots used na Speed: 1600 ni DDR3, 2133 au 2400 ni DDR4. Hazibadilishani, hata mkato ulio kwenye ukingo wake wa dhahabu umekaa mahali tofauti. Ikikataa kuingia, usiisukume. Na kwenye laptopu inayotaka DDR3L, ile ya volti 1.35, ukiweka DDR3 ya volti 1.5 kuna uwezekano mkubwa isiwake.

Bado kuna swali la afya ya diski uliyonayo. Programu ya CrystalDiskInfo ikiandika Caution au Bad, usisasishe chochote juu ya diski hiyo. Nakili mafaili kwanza, siku hiyohiyo, kwa sababu kusasisha ni kuandika GB nyingi mfululizo juu ya kitu kinachokaribia kufa.

"Kusasisha hakufuti kitu" na "kupiga Windows ndiko kusasisha"

Flashi ya Windows 11 ni moja, njia ni mbili, na hapa ndipo picha hupotelea. Ukichomeka flashi wakati Windows 10 imewaka, ukafungua setup.exe, utaulizwa unabaki na nini. Keep personal files and apps huacha vitu vyako. Ukiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi (F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo), hiyo ndiyo kupiga Windows. Sehemu ya diski utakayoifuta pale imefutika, pamoja na Desktop na Documents, ambazo watu husahau kuwa ziko ndani ya C.

Hata kwa njia ya kwanza, nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, mara nyingi mfumo hujirudisha Windows 10, lakini si mara zote. Laptopu yenye betri iliyochoka na kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) ziko sawa mbele ya umeme wetu. Kwenye SSD kazi huchukua kama saa moja, kwenye hard disk saa kadhaa. Acha GB 25 wazi kwenye C. Usipoipenda Windows 11, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia Settings, System, Recovery, Go back, mradi hujafuta folda ya Windows.old.

Kuhusu bando: upakuaji ni zaidi ya GB 5, ila flashi moja ya GB 8 iliyotengenezwa kwa Media Creation Tool inahudumia kompyuta za mtaa mzima. Kilichomo kwenye flashi hufutwa. Usinakili mafaili ya ISO kwa mkono kwenye flashi ya FAT32, maana faili la install.wim linapita GB 4 na FAT32 haibebi faili kubwa hivyo. Ukipiga upya, pakua dereva ya Wi-Fi (programu inayoiendesha) mapema, kwani Windows 11 hudai intaneti kabla ya kumaliza. Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB hukuokoa.

"Leseni ni ya kununua upya"

Windows 10 halali inahamia 11 bure, na leseni inashikamana na mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Kubadili diski na RAM hakuigusi. Chagua toleo lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Funguo za Windows 7 na 8, zilizokuwa zikikubalika kimyakimya kwa miaka, zilifungiwa njia Septemba 2023. Kujua yako, fungua Command Prompt, andika `slmgr /xpr`. Ikitaja tarehe ya kuisha ndani ya siku 180 kwenye kompyuta ya nyumbani, iliwezeshwa kwa ujanja, na vijiprogramu vya ujanja huo huomba uzime antivirasi kwanza. Hiyo ipigwe upya kwa usafi.

"Linux ni ya wataalamu"

Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, katika toleo lake jepesi la Xfce inaomba GB 2 za RAM na GB 20 za diski, matoleo ya 22 yanahudumiwa hadi 2029, na unaweza kuijaribu ukiwa umeiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, printa na usingizi wa kufunga kifuniko. Wi-Fi ya Broadcom mara nyingi haionekani mwanzoni: unganisha simu kwa USB, fungua Driver Manager, isakinishe. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua hati za Word. Lakini kama kazi yako inategemea Photoshop, au programu ya uhasibu inayosakinishwa Windows pekee, Mint si jibu lako.

"Mtandao umegoma baada ya kupiga, Windows hii ni mbovu"

Tazama saa kwenye kona ya skrini kabla ya kulaumu. Kwenye mashine ya miaka minane au zaidi, betri ndogo ya mazabodi, CR2032 ya volti 3, huwa imekwisha, na kila umeme ukizimwa tarehe inarudi nyuma miaka. Tovuti salama hupima cheti chake kwa tarehe ya kompyuta yako, kwa hiyo zote zinakataa, masasisho yanagoma na leseni haithibitishwi. Kwenye kompyuta ya mezani, chomoa waya wa umeme, bana kikucha kinachoshika betri, itoe, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu, kisha ingia BIOS urekebishe tarehe. Hakikisha pia kama ilikuwa UEFI bado iko UEFI, kwa sababu baadhi ya mazabodi hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani betri inapotolewa.