Mapinduzi ya Ufaransa: njaa peke yake haikumwangusha mfalme

Kila nikiuliza darasani hapa Dodoma kwa nini Wafaransa walimpindua mfalme wao, mikono inanyooka na jibu ni moja: njaa. Najua wanalitoa wapi. Mtoto aliyekulia Bahi au Kongwa ameshaona mvua ikikata mapema, na sado la mahindi pale Majengo likipanda bei kila wiki hadi mama anapima unga kwa kikombe.

Na njaa kweli ilikuwepo. Julai 1788 mvua ya mawe ilipiga mashamba ya ngano, mavuno yakawa haba, kisha ikaja baridi kali. Kufikia mapema 1789, mkate wa karibu kilo mbili jijini Paris uliuzwa sou 14 na nusu (sou ilikuwa sarafu ndogo ya Ufaransa), wakati kibarua alipata sou 20 hadi 30 kwa siku. Toa kodi ya chumba, toa kuni, kinabaki nini?

Lakini hapo nawakumbusha Mtunya. Wazee wa Ugogo wanaijua njaa ile ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipokomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Watu walikufa kwa maelfu. Mtawala alibadilika, ndiyo, ila kwa vita vya wakubwa wenyewe, si kwa wananchi kuinuka. Njaa huwachosha watu kabla ya kuwainua.

Ufaransa kulikuwa na jambo la pili: hazina ilikuwa tupu. Serikali ilikopa mno, hasa kuwasaidia Wamarekani kupigana na Uingereza, na karibu nusu ya mapato ikawa inalipia madeni. Makabaila na viongozi wa kanisa walikuwa na misamaha mikubwa ya kodi na hawakutaka kuiachia. Mfalme Louis wa 16 akalazimika kuitisha baraza la matabaka matatu (viongozi wa kanisa, makabaila na watu wa kawaida), ambalo halikuwa limekaa tangu 1614. Kabla ya kikao cha Mei 1789, vijiji na miji vikaambiwa viandike malalamiko yao. Hebu fikiria: mwaka uleule ambao mkate haushikiki, mkulima anaulizwa na serikali yenyewe ana shida gani. Kwangu mimi hicho ndicho kiini. Tumbo lilikuwa tupu, na safari hii mdomo ulikuwa umefunguliwa.

Kuhusu malkia Marie Antoinette, mke wa Louis, kusema wasio na mkate wale keki: hakuna ushahidi. Hadithi kama hiyo iliandikwa na mwandishi Rousseau kuhusu binti mfalme asiyetajwa jina, Marie Antoinette akiwa bado mtoto kwao Austria.

Dhana nyingine ni kwamba Bastille, ngome ya Paris iliyotumika kama gereza, ilivamiwa Julai 14, 1789 ili kufungua mamia ya wafungwa wa kisiasa. Ndani yake kulikuwa na wafungwa 7 tu. Watu walikuwa wameshachukua bunduki kwingine asubuhi ile, wakafuata baruti, kwa sababu mfalme alikuwa amezungushia jiji askari na kumfukuza Necker, waziri wake wa fedha aliyependwa na watu.

Inayonisumbua zaidi ni hii: kwamba tangu siku ile watu walitaka mfalme aondoke. Sivyo. Oktoba 5 mwaka huohuo akina mama wa masoko ya Paris walitembea kilomita kama 20 kwenye mvua hadi Versailles, kwenye kasri la mfalme, kudai mkate. Kesho yake walirudi na mfalme, mkewe na mtoto wao, wakiwaita mwoka mikate, mke wa mwoka mikate na kijana wa mwoka mikate. Walimtaka awe karibu, aone sokoni kukoje. Hata katiba ya 1791 ilimwachia kiti chake.

Imani hiyo ya watu kwake aliivunja mwenyewe, hata kabla katiba hiyo haijakamilika. Usiku wa Juni 20, 1791 alitoroka na familia yake kuelekea mpakani, akaacha nyuma waraka wa kuyakataa mabadiliko yote aliyokuwa ameyakubali hadharani. Alikamatwa njiani, katika mji mdogo wa Varennes. Kisha vikaja vita na Austria, na Agosti 10, 1792 watu wakavamia ikulu yake. Ufalme ulifutwa Septemba, naye akakatwa kichwa Januari 21, 1793. Tangu Bastille ianguke ilikuwa imepita miaka mitatu na nusu.