Afrika Kusini hakuna "kota ya magei" kazini

Ile meseji ya Afrika Kusini imerudi tena kwenye magrupu, eti sheria ya huko inalazimisha kampuni kuajiri idadi fulani ya magei, na ukishamwajiri humtoi hata afanye nini. Hapana jamani. Sheria yao ya usawa kazini ni ya 1998, kifungu cha 6 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi, dini, ujauzito, mwelekeo wa kimapenzi na mengine kibao, yaani usimnyime mtu kazi au cheo kisa tu ni gei, basi. Akiiba stoo anatimuliwa kama mwingine yeyote, ilimradi utaratibu ufuatwe.

Kinachochanganya watu ni sura ya 3 ya sheria hiyohiyo, inayowataka waajiri wakubwa wainue makundi yaliyoachwa nyuma, ila makundi yenyewe ni watu weusi (machotara na Wahindi wamo humo), wanawake na wenye ulemavu, magei kama kundi hawamo kabisa. Sheria iko bure kwenye tovuti ya serikali yao, nenda kifungu cha 1, makundi yametajwa pale. Kwa hiyo ikikufikia usiifowadi, we mrudishie tu aliyekutumia hicho kifungu.