Nani anastahili mnara Zanzibar? Yanayosemwa na yaliyotokea

Ikifika Januari, mabaraza ya Unguja na Pemba hurejea kwenye suala lile lile: nani akumbukwe hadharani, na nani aachwe. Michenzani upo mnara wa kuadhimisha miaka 50 ya Mapinduzi. Kisiwandui lipo kaburi la Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyepigwa risasi hapo hapo tarehe 7 Aprili 1972. Kwa hayo mimi sina ugomvi na mtu. Ninachogombania ni wale wasio na jiwe wala kibao, kwa sababu kila wakitajwa huletwa hoja ambazo ukizipima na historia hazisimami.

"Kupigania uhuru kulianza na vyama vya siasa"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inawafuta watu wa shamba na watu wa bandarini kwa pamoja.

Mwaka 1948 makuli wa bandari ya Unguja waligoma kwa ugumu wa maisha, na mgomo ukaenea mjini. Miaka mitatu baadaye, Julai 1951, yakatokea yale ambayo wazee huyaita Vita vya Ng'ombe. Serikali ya Mwingereza ilitoa amri ya kuchanja ng'ombe kwa lazima. Wakulima wa Kiembesamaki, kisiwani Unguja, wakakataa. Baadhi yao wakapelekwa mahakamani wakahukumiwa, na jamaa zao walipojikusanya kwenda kuwatoa, polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Waliofanya hayo hawakuwa na katibu wala kadi ya chama. Walikuwa wakulima waliomwambia mtawala kwamba ng'ombe ni wao na shamba ni lao, na wapo waliolipa kwa roho zao.

Basi kwa nini watoto wetu wa skuli hawawajui? Jibu limo katika kilichofuata. Kutokana na vuguvugu lile la Kiembesamaki kilizaliwa chama cha raia wa Sultani, na kufika 1955 chama hicho kilikuwa kimegeuka ZNP (Zanzibar Nationalist Party), yaani Hizbu. Mapinduzi ya 1964 yalipoipindua serikali ya Hizbu na chama mshirika wake, ZPPP, kila kilichohusishwa na Hizbu kilikaa upande wa walioshindwa, na Vita vya Ng'ombe vikakaa huko navyo. Lakini mkulima aliyeanguka 1951 hakuijua Hizbu, wala hakuijua ASP, yaani Afro-Shirazi Party, chama cha Karume, ambayo iliundwa Februari 1957. Kumhukumu kwa chama kilichokuja baada ya kifo chake ni dhulma. Kama ningepewa jiwe moja tu la kusimamisha katika visiwa hivi, ningelipeleka Kiembesamaki.

"Okello ndiye aliyepindua" na "Okello hakuwa lolote"

Nimezisikia zote mbili, tena katika baraza moja. John Okello alizaliwa Uganda, akaishi na kufanya kazi Pemba kabla ya kuhamia Unguja. Sauti iliyotoka redioni tarehe 12 Januari 1964 ikijiita Field Marshal ilikuwa yake, hilo halikanushiki. Halikanushiki vilevile kwamba nyuma ya usiku ule kulikuwa na vijana wa ASP na hasira za miaka mingi. Uchaguzi wa Julai 1963 uliipa ASP kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Mtu mmoja hawezi kuleta hasira ya namna ile kutoka Uganda. Kufika Machi 1964 Okello alikuwa ameshazuiwa kurudi Zanzibar. Anaweza kuandikwa katika historia bila ya kutukuzwa, hasa kwa familia zilizopoteza watu wao siku zile.

"Tarehe 10 Disemba 1963 haikuwa chochote"

Ilikuwa. Siku hiyo himaya ya Uingereza iliyoanza 1890 ilikoma, ikapandishwa bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili, na tarehe 16 Disemba Zanzibar ikaingia Umoja wa Mataifa. Waziri Mkuu alikuwa Mohammed Shamte, mtu wa Pemba. Wanaoiita "uhuru wa Waarabu", kwa kuwa Hizbu ilionekana ni chama cha Waarabu, wana hoja yao kwa hesabu ile ya viti niliyoitaja, na hoja hiyo ni nzito. Lakini tukio lenye kasoro bado ni tukio.

"Jina likishawekwa haliguswi"

Lingekuwa haliguswi, Jamhuri Garden ingekuwa bado Victoria Garden, na skuli ya Lumumba ingekuwa bado ya King George VI. Hospitali ya Mnazi Mmoja iliwahi kuitwa V. I. Lenin, na sioni mgonjwa aliyelilia jina hilo. Upande wa pili, Beit el Amani, jengo la 1925 la kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, limebaki limesimama na Mapinduzi yamepita. Serikali zimebadilisha majina zilipotaka na kuacha zilipotaka. Kwa hiyo mtu akikwambia haiwezekani, maana yake hataki.

"Kuwataja wengine ni kumpunguza Karume"

Hili sitalirefusha. Abdulla Kassim Hanga alikuwa Waziri Mkuu wa serikali ya mwanzo ya Mapinduzi, na akaja kuuawa chini ya utawala ule ule alioshiriki kuusimamisha. Kumwandikia Hanga jina lake hakuondoi tofali hata moja Kisiwandui.

"Wa 2001 hawahusiki, ile ilikuwa siasa"

Mimi ni mtu wa Pemba, na kwa hapa sijifanyi sina upande. Mwishoni mwa Januari 2001 watu waliandamana kudai katiba mpya na uchaguzi wa 2000 urudiwe, na wengi waliopigwa risasi walikuwa Pemba. Tume iliyoundwa na serikali ilihesabu vifo 31. Watetezi wa haki za binadamu walihesabu si chini ya 35. Wengine walivuka bahari kwa ngalawa na mashua mpaka Shimoni, Kenya. Wanaotuambia tusifukue makaburi wanasahau kwamba makuli wa 1948 na wakulima wa 1951 nao waliambiwa wanafanya fujo. Na maridhiano ya 2010, yaliyoungwa mkono na asilimia 66 katika kura ya maoni ya 31 Julai, yaliwaweka mahasimu, CCM na CUF, katika serikali moja, lakini majina ya waliokufa hayakuandikwa popote hadharani. Huko Wete, Micheweni na Chake Chake, Pemba, wanasomewa dua majumbani, na watoto waliozaliwa baada ya 2001 sasa ni watu wazima wanaouliza kwa nini dua hiyo inasomwa kwa sauti ya chini.