Tanga mbili ni nini, na utabiri wake usomwe vipi

Tanga mbili ni kipindi cha mpito kati ya pepo mbili zinazotawala pwani yetu, kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, ikija na joto. Kusi hushika kuanzia Mei, huwa kali zaidi Juni hadi Agosti, kisha hulegea. Katikati yake, Aprili hivi na tena Oktoba hadi Novemba, hakuna upepo wenye amri. Alfajiri unatoka bara, mchana unatoka baharini, jioni unatulia kabisa, na usiku inaweza kuja mvua ya ngurumo kutoka upande ambao hukuutazamia. Wengine hukiita malelezi. Manahodha wa zamani walikipenda, kwa kuwa jahazi liliweza kutweka na kwenda kaskazini au kusini bila kungoja msimu.

Kwa mvuvi wa Msimbati au Kilwa Kivinje, na kwa mkulima wa Tandahimba aliyeanika korosho, hapa mikoani Lindi na Mtwara, hiki ndicho kipindi kigumu kuliko vyote kukisoma. Dalili ambazo wazee walitufundisha, kama rangi ya wingu la machweo na upande wa umande (upepo wa alfajiri utokao bara), hufanya kazi vizuri pale kusi au kaskazi imekwisha kukaa sawasawa. Kwenye tanga mbili dalili hizo hugongana. Hapo ndipo taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, zinapokuwa na thamani kubwa, ilimradi msikilizaji ajue maneno yake yana maana gani. Nina hakika sehemu kubwa ya lawama kwamba "utabiri umekosea" hutokana na kusikia maneno hayo kila siku bila kuelezwa.

Chanzo cha mageuzi ni jua. Jua la utosi linapovuka ikweta, ukanda mvua hulifuata kwa kuchelewa. Ukanda mvua ni eneo ambalo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa ikapanda juu na kufanya mawingu. Ukiwa kusini yetu, kaskazi inatupitia. Ukihamia kaskazini ya ikweta, kusi inatushika. Ukiwa njiani, pepo kubwa hulegea na nafasi yake huchukuliwa na pepo ndogo za hapa hapa: umande wa kutoka nchi kavu, na upepo wa bahari wa mchana. Upepo wa bahari ukipanda mteremko wa uwanda wa juu wa Makonde na kukuta hewa yenye joto, wingu la ngurumo linaweza kuumuka kwa saa mbili au tatu tu, likamwaga Newala na kuiacha Masasi kavu.

Wingu dogo namna hiyo ndilo linaloeleza maneno ambayo watu huyalalamikia zaidi: "vipindi vifupi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua." Wengi husikia hapo kwamba mtabiri anajikinga, amesema mvua na amesema jua. Lakini "maeneo machache" ni kipimo cha mtawanyiko. Maana yake ni kwamba ndani ya mkoa sehemu ndogo itanyeshewa na sehemu kubwa haitanyeshewa. Hayasemi chochote juu ya ukali wa mvua itakapoanguka. Kijiji kimoja ndani ya "maeneo machache" kinaweza kupata mvua ya kufurika mitaro, na kijiji jirani kisipate tone, na taarifa ikawa sahihi kwa vyote viwili. Mtabiri anajua hali ya siku hiyo inaruhusu mawingu ya aina hiyo, ila hawezi kukutajia usiku uliotangulia kwamba wingu litatua Nanguruwe na si Mahuta. Rada iliyopo Mtwara huyaona matone wingu likisha kuanza kunyesha, jambo linalosaidia kwa saa chache zinazofuata, si kwa kesho kutwa.

Tofautisha pia msimu na siku. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Vuli na masika ni misimu ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Pemba na mikoa mingine ya kaskazini. Redio ikitangaza kwamba mvua za vuli zinaanza, mkulima wa Ruangwa asikimbilie kupanda kwa sababu hiyo. Taarifa yake ni ile ya mvua za msimu, inayotolewa peke yake kabla msimu haujaanza.

Sasa tuje kwenye hali mbaya ya hewa. TMA hutoa utabiri wa siku 5 unaozingatia athari, wenye madaraja matatu ya onyo: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Chini ya kila onyo kuna mistari miwili inayorukwa na wasomaji wengi, nayo ndiyo kiini cha taarifa. Mmoja unasema uwezekano wa kutokea, na mwingine unasema kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Hivi ni vitu viwili tofauti. Jambo linaweza kuwa na uwezekano mdogo lakini likitokea liharibu sana, na jambo jingine likawa karibu hakika lakini lisidhuru mtu. Daraja la onyo hutokana na vyote viwili kwa pamoja.

Ndiyo maana kiasi kile kile cha mvua kinaweza kupewa onyo leo na kisipewe mwezi ujao. Mvua huhesabiwa kubwa ikizidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja katika kila mita moja ya mraba, hivyo bati la nyumba yenye eneo la mita za mraba 60 litapokea lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200. Maji hayo yakianguka Novemba kwenye mchanga mkavu wa Mikindani, mengi yatazama. Yakianguka Aprili, ardhi imeshiba na mito Lukuledi, Mbwemkuru na Matandu imejaa, hayana pa kwenda isipokuwa barabarani na majumbani.

Kwa bahari, onyo la kawaida hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kwa ngalawa na mtumbwi hicho si kiasi cha kujaribu. Angalia pia limetajwa eneo gani, maana pwani ya Lindi na Mtwara mara nyingi hutajwa mbali na pwani ya kaskazini, na bahari chafu ya Tanga si lazima iwe chafu kwetu.

Tanga mbili ya Aprili ina hatari yake ya pekee, nayo ni vimbunga. Kimbunga kilichopiga Unguja mwaka 1872 kilikuja Aprili. Kilichopiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth ilikuwa Aprili 2019, Jobo Aprili 2021, na Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024. Zipo tofauti, kwani Chido ilipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Desemba 2024, lakini kufuatana huko kuna sababu. Kimbunga hula joto la bahari, kikitaka maji ya nyuzijoto 26 au 27 na zaidi, na kufikia Aprili bahari imekwisha kukusanya joto la miezi yote ya kaskazi. Karibu sana na ikweta vimbunga haviundwi kwa urahisi, kwa sababu mzunguko wa dunia haupindishi upepo vya kutosha ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo. Mtwara iko nyuzi 10 kusini, nje ya kinga hiyo.

Si kila mgandamizo mdogo wa hewa, yaani eneo ambalo hewa haikandamizi sana na pepo huvutwa kuelekea huko, unaoonekana Bahari ya Hindi ni kimbunga. Katika eneo letu dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa, na huhesabiwa kimbunga kamili ukifika 118. Kwa hiyo jina peke yake halikwambii nguvu, tazama tarakimu.

Kenneth inafaa kukumbukwa kwa haki. Watu wa mabondeni Mtwara waliambiwa wahamie sehemu za juu, shule zikafungwa, kisha tarehe 25 Aprili kimbunga kikatua upande wa pili wa mto Ruvuma, Cabo Delgado, na kufanya maafa makubwa. Baadhi yetu walisema tulihangaishwa bure. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Njia ya kimbunga hutabiriwa kama upana, si kama uzi, na kadiri siku zinavyokuwa nyingi mbele ndivyo upana unavyoongezeka. Mtwara ilikuwa ndani ya upana huo. Hidaya ilionyesha upande mwingine: ilipofika karibu na Mafia upepo wake ulikuwa umepungua, watu wakapumua, lakini mvua haikupungua pamoja na upepo. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Kilwa na Kusini ikakaa bila njia ya kawaida ya magari. Ukisikia kimbunga kimepoteza nguvu, uliza habari za mvua kabla hujarudisha vitu ndani.

Kuna hesabu moja ambayo mtu wa pwani huongeza mwenyewe. Dhoruba husukuma maji kuelekea nchi kavu, na madhara yake hutegemea bahari iko wapi saa hiyo. Kwenye bamvua, maji yakiwa yanapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, msukumo huo ukikutana na maji kujaa utaingia nyumba za ufukweni. Dhoruba ile ile ikija kwenye maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, inaweza isifike hata kwenye minazi ya mbele.

Tanga mbili ya Oktoba haina vimbunga, ila inagusa mifuko. Ni wakati wa kuokota na kuanika korosho, na mvua ya ghafla ya saa moja hushusha daraja la mzigo kabla haujafika ghalani. Wenye mashamba ya chumvi wa Lindi na Kilwa huwa nao wanavuna, na maji ya mvua huyeyusha kilichokwisha kuganda. Hapa utabiri uleule unadai maamuzi tofauti. Uwezekano wa wastani unatosha kumfanya mwenye korosho alaze turubai pembeni, kwa sababu kufunika ni kazi ya dakika chache. Mwenye chumvi, ambaye kuvuna mapema kunampunguzia mzigo, ana haki ya kusubiri uwezekano mkubwa zaidi.

La mwisho ni saa. Utabiri wa kila siku hutolewa kwa saa 24 kuanzia saa 3 usiku. Mvuvi anayeshusha chombo saa 10 alfajiri anatumia taarifa ya usiku uliopita, na akikusudia kulala baharini, nusu ya safari yake imo kwenye taarifa ambayo bado haijatoka. Anapaswa aisikilize akiwa huko huko, redio ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.