Usisubiri hedhi irudi ndipo uanze uzazi wa mpango

"Bado nanyonyesha, na siku zangu sijaziona. Nikiziona nitakuja." Kauli hii haikosi kwenye kliniki ya mama na mtoto, na mara nyingi anayeitoa amebeba mtoto wa miezi 8 ambaye asubuhi hiyo amekunywa uji. Baadaye anarudi na mimba na kuapa kwamba haelewi imeingiaje, maana damu hakuwahi kuiona. Imeingia hivyo hivyo, bila damu.

Yai hutoka kwanza. Hedhi hufuata wiki mbili hivi baadaye, iwapo yai halikurutubishwa. Kwa hiyo hedhi ya kwanza baada ya kujifungua inaweza kuwa ni taarifa ya yai lililokwisha kupita. Mama akikutana na mumewe siku zile yai lilipotoka, hedhi hiyo haiji kabisa, na kwa kuwa alikwisha kuzoea kutoziona siku zake, hana cha kumshtua mpaka tumbo lianze kuonekana. Ni kweli wapo wanaopata hedhi ya kwanza bila yai kutoka, lakini hakuna mama anayeweza kujua mapema kama yeye ni mmoja wao.

Kunyonyesha kunazuia mimba, na wahudumu wanaowaambia kina mama kwamba hizo ni imani za mabibi wanakosea. Ni njia halali ya uzazi wa mpango. Ikifuatwa sawasawa, wanaoshika mimba ndani ya miezi 6 hawafiki 2 kati ya 100. Shida iko kwenye masharti, ambayo ni matatu na lazima yawepo yote kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama tu, usiku na mchana. Likivunjika moja, kinga imekwisha siku hiyo hiyo, na njia nyingine inatakiwa iwe imeshaandaliwa.

Sharti la tatu ndilo linalovunjwa bila mtu kujua. Mchana zisipite saa 4 kati ya kunyonya mara moja na nyingine, usiku zisipite saa 6. Mtoto anapovuta chuchu, ubongo wa mama hupunguza homoni zinazopevusha yai, kwa hiyo kinachomkinga ni mdomo wa mtoto, wala si wingi wa maziwa. Kila kijiko cha maji, maji ya sukari, dawa ya mchango au uji mwepesi "wa kumzoesha" kinajaza tumbo la mtoto, naye ananyonya mara chache zaidi. Mtoto aliyeanza kulala usiku kucha bila kunyonya anafurahisha nyumba nzima, lakini sharti la usiku limevunjika.

Halafu kuna kazi. Likizo ya uzazi kwa sheria ya Tanzania ni siku 84, yaani wiki 12. Mama anarudi ofisini kabla hata ya chanjo ya wiki ya 14. Kukamua na kuacha maziwa nyumbani ni jambo jema sana kwa mtoto na aendelee nalo, ila mkono au pampu havipeleki kwenye ubongo ishara ile ile, na kinga inapungua. Mama wa namna hii achague njia nyingine kwenye chanjo ya wiki ya 10, wakati bado yuko likizo na muda wa kukaa kwenye foleni anao.

Kuhusu damu: kwa anayenyonyesha kikamilifu, inayotoka kabla ya siku 56 haihesabiwi kuwa hedhi. Baada ya hapo, damu ya siku 2 mfululizo ihesabiwe hedhi hata kama ni kidogo.

Asiyenyonyesha hana kinga yoyote kati ya hizi. Yai linaweza kutoka kabla mwezi haujaisha, na ndiyo sababu anahitaji njia kuanzia siku ya 21. Arobaini haijafika. Humu yumo pia mama aliyefiwa na mtoto, ambaye kila mtu anampa pole na hakuna anayemwambia kwamba anaweza kushika mimba nyingine wiki hizo hizo. Mimba ikiharibika ni mapema zaidi: yai linaweza kutoka ndani ya wiki 2.

Nusu ya lawama ni yetu watoa huduma. Mama anajikongoja mpaka kliniki, anaomba vijiti vya kuwekwa chini ya ngozi ya mkono, anajibiwa "njoo ukiwa kwenye siku zako". Hakuna mwongozo unaodai damu ionekane. Kinachotakiwa ni kuridhika kwamba hana mimba, na kwa hilo yapo maswali 6. Je, amejifungua ndani ya wiki 4 zilizopita? Je, mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya tu, na hedhi haijarudi? Je, hajakutana na mwanamume tangu ajifungue au tangu hedhi ya mwisho? Je, hedhi imeanza ndani ya siku 7 zilizopita (12 kwa kitanzi, kile kifaa kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi)? Je, mimba imeharibika ndani ya siku 7? Je, anatumia njia ya kuaminika bila kukosea? Akijibu ndiyo kwa swali moja tu, na hana dalili za mimba, mpe njia yake leo. Akijibu hapana kwa yote, mpime mkojo. Na kwa kuwa mimba changa sana haionekani kwenye kipimo, mpe kondomu na umpe tarehe ya kurudi kupima tena baada ya wiki 3 au 4. Kumrudisha nyumbani mikono mitupu si tahadhari, ni uvivu.

Ushauri ninaoung'ang'ania ni kwamba uamuzi ufanyike wakati wa ujauzito, mume akiwepo kama mama anataka awepo, na uandikwe kwenye kadi ya kliniki. Leba si mahali pa kuanza kumweleza mtu tofauti ya kitanzi na vijiti. Kitanzi cha shaba huwekwa mara kondo la nyuma linapotoka, vizuri zaidi ndani ya dakika 10, au walau kabla saa 48 hazijapita. Zikipita, asubiri wiki 4. Aliyejifungua kwa upasuaji huwekewa pale pale kabla mfuko wa uzazi haujashonwa, kwa hiyo "nimepasuliwa, siwezi kitanzi" nayo si kweli. Kinachowekwa mapema huchoropoka kirahisi kuliko cha baadaye, basi aangaliwe tena wiki ya 6. Vijiti, na vidonge vya homoni moja, anaweza kuanza kabla hajaruhusiwa kutoka wodini, hata kama ananyonyesha. Sindano kwa anayenyonyesha ni kuanzia wiki ya 6. Vidonge vya homoni mbili ni marufuku kwake kabla ya wiki hizo 6 kwa sababu ya hatari ya damu kuganda, na ni vizuri avisubirishe mpaka miezi 6. Kufunga kizazi ni ndani ya siku 7, au baada ya wiki 6.

Mengine yanayosemwa hayahitaji maneno mengi.

"Sindano inakausha maziwa." Sindano, vijiti na vidonge vya homoni moja havikaushi. Vinavyoweza kuyapunguza ni vidonge vya homoni mbili. Maziwa yakipungua, kwanza hesabu mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku.

"Damu isipotoka inajikusanya tumboni." Mtumiaji wa sindano anapokosa hedhi ni kwa sababu ukuta wa mfuko wa uzazi umebaki mwembamba. Hakuna kilichojengeka, kwa hiyo hakuna cha kutoka wala cha kujikusanya.

"Kitanzi kinapanda mpaka moyoni." Hakuna njia ya kukifikisha huko. Mara chache sana, kama mara 1 katika 1,000, hutoboa mfuko wa uzazi, na hapo hubaki ndani ya tumbo. Mume anayelalamika kuchomwa wakati wa tendo, mara nyingi anachomwa na nyuzi za kitanzi zilizokatwa fupi mno. Ziachwe kama sentimita 3, zitalainika na kujikunja. Zilizokwisha kukatwa fupi hutengenezwa dakika chache kliniki, bila kutoa kitanzi.

"Tukikutana kabla mtoto hajaacha ziwa, tutambemenda." Yaani mtoto atadhoofika kwa sababu wazazi wamekutana. Mbegu za mwanamume haziingii kwenye maziwa. Mtoto anayedhoofika baada ya mama kushika mimba mara nyingi ameachishwa ziwa ghafla na kupewa uji wa maji maji, au ana ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta kwa sababu jirani wameshatoa hukumu. Mpelekeni akapimwe. Mama mjamzito anaweza kuendelea kunyonyesha, ale zaidi, na mtoto akishafikisha miezi 6 aongezewe chakula kizito. Wanaoogopa kubemenda ndio wangekuwa wa kwanza kuchukua njia, kwa sababu shida inaanzia kwenye hiyo mimba ya haraka. Baada ya kujifungua inashauriwa kungoja walau miezi 24 kabla ya kushika nyingine.

"Lazima kuupumzisha mwili." Hakuna njia inayodai mapumziko. Vijiti vinakaa miaka 3 hadi 5 kutegemea aina, na siku ya kutoa ndiyo siku ya kuweka vingine kama mama anataka. Uzazi hurudi mara moja baada ya kitanzi, vijiti na vidonge. Sindano pekee ndiyo inayochelewesha, kwa wastani kama miezi 10 tangu dozi ya mwisho, kwa hiyo anayepanga mtoto mwaka ujao aambiwe hivyo kabla hajachomwa.