Mafuriko yamekauka, sasa mfanyakazi anarudi vipi kazini?

Kila mvua kubwa ikipiga naanza kupokea simu za mameneja wa mahoteli hapa Malindi na swali ni lile lile, watu wangu hawajaja siku ya tatu leo, niwafanye nini? Wengine wakinipigia barua ya onyo washaiandika. Mi kazi yangu ni HR, yaani mambo ya wafanyakazi, na ushauri nasaha wa kazini, kwa hiyo hizi kesi nakaa nazo sana.

Kwanza tuelewane mtu anatoka wapi. Hoteli iko ufuoni, kavu, jenereta linanguruma, lakini yule anayetandika vitanda analala ng'ambo ya mto Sabaki, Mambrui au huko juu Garashi, na huu mto maji yake yanatoka bara kabisa, Athi, yaani unaweza kufura huku kwetu jua linawaka. Tena Novemba 2023 mvua za El Niño zilikata barabara ya Mombasa–Malindi pale Mbogolo, hata mwenye nyumba kavu hakuwa na njia. Huyo onyo la nini?

Simu ya kwanza apige supavaiza wake, mtu anayemjua sauti, na asianze na "unarudi lini". Aulize mmelala wapi, watoto wote wapo, kuna mtu hajaonekana, mnakula nini. Halafu amwambie kazi yake ipo, hilo asilisahau manake ndilo linalomkosesha mtu usingizi kushinda hata matope. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake 2011 unasema mambo matatu tu, angalia, sikiliza, unganisha. Kumlazimisha mtu asimulie yaliyomkuta haimo, na vikao vya kukaa mara moja watu wamwage yote hawavipendekezi. Lakini utakuta kampuni imekusanya watu ukumbini, soda na biskuti, mgeni amesimama mbele anataka kila mmoja aeleze, na bosi amekaa pale pale anasikiliza. Nani atalia mbele ya bosi jamani?

Tuje kwa pesa, hapa ndipo penyewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa likizo ya mwaka siku 21 za kazi, na ya ugonjwa siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu ukishamaliza miezi miwili kazini na uwe na cheti cha daktari. Likizo ya mafuriko haimo, hata ya msiba haimo, inabaki makubaliano ya chama cha wafanyakazi kama KUDHEIHA ikiwa mnayo, la sivyo ni roho ya mwajiri. Wengi wanachofanya wanamkata kwenye zile 21 zake. Mi hilo silipendi, mtu ametumia likizo kuchota matope chumbani, Agosti wageni wakijaa hana pa kupumulia. Weka siku kadhaa za malipo kwenye sera ya kazi, na uziandike saa hizi kukiwa kavu.

Advansi, yaani mshahara wa mapema, nayo atataka, ya mabati, godoro, sare za shule. Mpe, ila tazama payslip kwanza, makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara, hiyo ni sheria, na kama tayari ana mkopo wa sacco basi huenda nafasi haipo, bora msaada kuliko deni lingine. Makato yaanze baada ya mwezi au miwili, sio mwisho wa mwezi huu huu.

Halafu karatasi. Mpishi cheti chake cha afya, kile cha kupimwa kila miezi 6, kimekwenda na maji pamoja na kitambulisho. Jikoni kweli hawezi kuingia bila cheti, na kipindupindu nacho hupenda kufuata mafuriko, lakini mlipie kipimo na umweke stoo hizo siku, usimrudishe nyumbani ambayo haipo.

Akisharudi, usimtarajie yule yule. Dada mmoja wa laundry, mvua ikigonga mabati anaacha pasi anakwenda mlangoni na simu sikioni, dakika kumi baadaye tena. Supavaiza, kijana mdogo, akamwambia mamangu simu hapa haziruhusiwi. Akamjibu, "Nauliza tu maji yamefika wapi, mwanangu." Tulichofanya ni kumruhusu simu na kumpa shifti ya asubuhi awe kwake kabla ya giza, yakaisha taratibu. Mi huyo hanitishi sana, anayenitisha ni anayerudi kesho yake na kuomba shifti mbili mbili, hataki ofu ya kupumzika, anacheka na kila mtu. Huyo mchunguze.

Wengi hofu na ndoto mbaya hupungua zenyewe baada ya wiki kadhaa. Ikipita mwezi na bado halali, kazi haishikiki, mpeleke hospitali, au apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, haitozwi. Akitaka kwanza kwa shehe au pasta wake aende, havigombani.

Na vibarua? Hawa husahaulika kabisa. Aliyefanya kazi mfululizo siku zikafika mwezi, kisheria anahesabiwa kama wa mwezi, ila kwenye payroll, orodha ya mishahara, jina hulioni, kwa hiyo msaada ukija unampita. Listi ya unga na magodoro usiichukue kwa mhasibu, kaichukue getini kwa askari, ndiye anayejua nani alikuwa anaingia kila asubuhi.